Uji wa Njano wa Mkaza Mwana

Muhsina aliuona ule mfuko wa unga juu ya meza ya jikoni, na roho ikamchafuka kabla hata hajausogelea. Ulikuwa mfuko mdogo, umenunuliwa dukani asubuhi ile ile, na unga ndani yake ulikuwa mlaini na mkavu kama unga wowote mwingine. Lakini ulikuwa wa njano. Akachukua kitambaa cha kufutia vyombo akaufunika, kama mtu anavyofunika kitu kilichofia njiani, akatoka nje kuvuta pumzi.

Aliyeuleta ni Ghaith, mwanawe wa mwisho, na aliuleta kwa ajili ya mkewe. Ghaith alikwenda kusoma Kanada, akarudi Maskati na shahada na mke. Mke mwenyewe alikuwa binti wa Haiti aliyekulia kwa mama yake katika mji wa Cap-Haïtien, kisha akaenda Montreal kusomea ufamasia. Jina lake Mirlande, lakini pale Ghubra, nyumbani kwa Muhsina, tangu siku ya kwanza waliliongezea irabu mwishoni akawa Mirlandi, naye akalipokea. Walikaa ghorofa ya juu. Kiswahili alikiokota mezani, neno moja leo neno moja kesho, akakisema bila ya haya hata pale alipokosea, na Muhsina alimpenda kwa hilo.

Mambo yaliharibika alipojifungua. Mtoto, Hind, alitolewa kwa kupasuliwa, na mama yake akarudi nyumbani amevimba miguu, macho yameingia ndani, hana hamu ya kitu. Mama yake Mirlandi asingeweza kuja, maana kutoka Haiti siku hizi safari ni taabu tupu na viza ni taabu juu ya taabu. Basi mzazi akawa wa Muhsina, na Muhsina alikuwa tayari. Alimshusha akamweka chumba cha chini, karibu na chake. Alichemsha hulba, zile mbegu chungu za uwatu. Alipika uji wa pilipili manga, mzito, wa samli. Alipika supu ya kuku wa kienyeji mpaka mifupa ikalainika. Yeye mwenyewe alitunzwa hivyo alipowazaa wanawe wote watatu, na hakujua njia nyingine ya kumsimamisha mwanamke.

Mirlandi hakuweza. Supu aliionja akaisukuma. Uji wa pilipili manga ulimwasha kidonda cha koo alichotoka nacho hospitali. Hulba ndiyo ilikuwa balaa, kwani ikiletwa tu mlangoni aligeuza uso ukutani. Muhsina alimsimamia juu ya kichwa na kikombe mkononi, akamwambia anywe, anywe tu afumbe macho, na mara mbili Mirlandi alikunywa, na mara mbili akatapika juu ya shuka. Muhsina aliyazoa yale matapishi mwenyewe, meno ameyabana, harufu ya hulba ikiwa imechanganyika na uchachu wa tumbo tupu, na alipokuwa akizikunja zile shuka ukumbini alimsikia mkaza mwanawe akimnong'oneza Ghaith kwa Kiingereza kwamba kile kinywaji kinanuka kama kwapa la mtu mgonjwa.

Neno lile lilimkaa. Dawa iliyonywewa na mama yake, na bibi yake, leo imekuwa kwapa.

Siku ile ya mfuko wa unga, Ghaith alimfuata uani akakaa juu ya kigae karibu na miguu yake, kama alivyokuwa akikaa zamani akitaka kitu. Akamweleza kwamba kwa akina Mirlandi kuna uji wa mahindi wanaouita labuyi, uji mtamu, wa maziwa, ndio wanaokunywa watoto na wagonjwa na wazazi. Mirlandi ameuota. Ameamka analilia uji. Muhsina akasema, basi Namuddu apike. Namuddu, mtumishi wao wa nyumbani, alikuwa Mganda, mwanamke mzima mwenye watoto wake wakubwa huko Masaka, miaka mingi pamoja nao, na uji wa mahindi anaujua. Ghaith akakuna shingo. Akasema mama yake Mirlandi yuko kwenye simu na anataka kusema naye.

Kwenye kioo cha simu alikuwamo mwanamke wa umri wake, amefunga kilemba cheupe, kakaa barazani, na kuku wanapita nyuma yake. Maskati ilikuwa baada ya alasiri na kwake ndio kwanza asubuhi. Alisema kwa lugha yao, taratibu, bila ya kuondoa macho, na Mirlandi akiwa amejilaza akawa anageuza maneno kwa Kiswahili chake cha vipande. Alisema kwamba kwao mwanamke akizaa, uji huu huupata kutoka mkononi kwa mama yake, si kwa mtu mwingine. Kisha akasema jambo jengine, na Mirlandi akamtazama Muhsina kabla ya kulitafsiri.

"Anasema, dada yangu, mkono wangu haufiki huko. Naomba wako."

Muhsina alimwambia Mirlandi amjibu kwamba amesikia, na kwamba atapika. Alipokuwa akilisema hilo mate ya kichefuchefu yalikuwa tayari yamemjaa mdomoni.

Hakuna aliyejua, hata marehemu mumewe hakujua, kwa nini nyumba ile haikuingizwa unga wa njano maisha yake yote. Watoto walidhani ni ushamba wa mama, maana kila mtu ana chakula asichokila. Namuddu alipotaka ugali wake alipika kwenye jiko dogo la gesi la nje, mlango wa jiko umefungwa, na alikuwa akinunua unga mweupe kwa sababu aliambiwa wa njano usikanyage pale. Hakuuliza.

Walianza Muhsina na Namuddu pamoja, simu imeegemezwa kwenye mtungi wa chumvi, na yule mama wa Haiti akiwaangalia kutoka barazani kwake. Maelezo aliyatoa Ghaith, aliyesimama mlangoni na karatasi aliyoandikiwa na Mirlandi. Unga urowekwe kwanza kwa maji baridi. Katika sufuria, maji yachemshwe na mdalasini, chumvi kidogo, na yansuni ya nyota, lile ua kavu lenye ncha nane ambalo Ghaith alilipata kwa Muhindi wa viungo. Yansuni ile ilipoanza kutokota, harufu yake nzito na tamu ikalijaza jiko, harufu ya dawa ya tumbo ya watoto wachanga, na Muhsina akavuta ncha ya mtandio akajifunga pua.

Kisha ukamiminwa unga uliorowekwa.

Ulitoka bakulini kwa mkupuo mmoja, kama kitu kilichokuwa kikisubiri, ukazama, ukapanda juu tena kwa vipande. Muhsina alikoroga huku ameangalia dirishani. Ndiyo maana ukashika madonge. Aliposhusha macho, sufuria ilikuwa imejaa vibonge vya njano vinavyoteleza, vyenye ngozi nje na ndani vikavu, na vilipogongana na mwiko vilipasuka vikatoa unga mbichi mfano wa usaha. Povu moja likapanda, likanenepa, likapasuka kwa sauti ya mguu unaong'oka kwenye tope. Rashasha yake ikamrukia mkononi, ya moto, ikanata pale pale. Aliifuta na haikutoka vizuri. Aliifuta tena.

Alikuwa hayupo Ghubra tena. Alikuwa Unguja, Mchangani, katika chumba cha chini cha nyumba ya watu, mtoto wa miaka minane au tisa, na mbele yake lipo bakuli la bati lenye mdomo wa buluu. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Baba yao alikuwa kifungoni, mama yao kalazwa, na watoto wako kwa shangazi yao Kheiria, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu. Unga uliokuwa ukipatikana ulikuwa wa njano, wa magunia yaliyokaa bandarini mpaka yakashika harufu ya mafuta ya taa. Hakuna sukari, hakuna nazi. Ukipikwa uji, funza walielea juu weupe, wamevimba, na shangazi aliwatoa kwa ncha ya kijiko wale aliowaona. Wale asiowaona mtu aliwajua kwa ulimi. Na siku moja kukatokea jambo, na jambo lile Muhsina hakutaka kulifikiria hata sasa. Akazima jiko.

Sufuria nzima ilimwagwa. Uji haukutaka kuteremka kwenye sinki, ulikaa pale kwenye tundu kama ulimi, na Namuddu akausukuma kwa maji ya moto huku akisema kwa sauti ya chini kwamba si kitu, mama, mara ya kwanza kila uji unashika madonge, wacha yeye akoroge. Muhsina akakataa. Alikwishasema atapika, na aliyeombwa mkono ni yeye.

Mara ya pili aliangalia ndani. Ilimbidi. Alimimina unga kama uzi, akakoroga bila ya kusita, upande mmoja, akipumulia mdomo, macho yanamtoka machozi na si ya moshi. Uji ukashikana, ukawa mlaini kama hariri. Yakaja maziwa ya kopo, sukari, vanila, kungumanga ya kukwaruza, kisha ganda la ndimu na kipande cha siagi mwishoni. Njano ikapauka. Yule mama wa Haiti kwenye simu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akatia kidole mdomoni kuonyesha kwamba sasa mpishi aonje.

Muhsina alichota kwenye kijiko akakifikisha kwenye mdomo. Mvuke ukampiga. Alikirudisha, akampa Namuddu.

Namuddu alionja, akaonja tena. "Sukari kidogo bado, mama," alisema. "Lakini huu uji ni mtamu sana. Kwetu hatutii vitu vyote hivi."

Ikawa hivyo tangu siku ile. Muhsina anapika, Namuddu anaonja.

Mirlandi alipoletewa bakuli alilinusa kwanza, kwa muda mrefu, macho kayafumba. Kisha akala. Alikula kama mtu aliyetoka safarini, kijiko kinagonga kitako cha bakuli, machozi yanamteremka mpaka kidevuni na hayafuti. Muhsina alikaa kitandani pembeni akijilazimisha kumtazama. Aliona utando mwembamba wa uji umemganda kwenye mdomo wa juu, na pale palipomshinda aliinuka, akaenda bafu la uani, akafungua bomba ili asisikike, akatapika mpaka tumbo likabaki tupu.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akijipangusa uso. Kilichomuudhi ni kwamba hulba yake safi, ya kuchemshwa kwa bismillahi, ilitoka, na lile tope la njano likaingia likatulia. Na kila siku ilibidi alipike tena, maana Mirlandi alianza kuinuka, maziwa yakamjia, Hind akaanza kushiba na kulala. Kila mchana baada ya adhuhuri Muhsina alifungua madirisha yote, akajifunga pua na mtandio, akapika. Nguo alizopikia alizivua zikafuliwa peke yake. Harufu haikutoka. Aliisikia kwenye mto wake, kwenye mswala.

Shangazi Kheiria alikuja kumwona mtoto siku ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Alikuwa anakaa Matrah kwa mwanawe, na Ghaith ndiye aliyekwenda kumchukua kwa gari. Alikuwa mzee sasa, mwepesi kama fimbo, miwani mikubwa, hina kwenye vidole, na katika ukoo wao hakuna aliyekuwa na heshima kuliko yeye. Ndiye aliyewalea watoto wa kaka yake. Ndiye aliyewavusha kutoka Unguja mmoja baada ya mwengine mpaka wakafika Maskati wote wazima. Kwenye harusi aliwekwa mbele, na bwana harusi hakutoka mpaka yeye amemwombea dua. Muhsina alimpokea mlangoni, akambusu mkono kama ilivyo ada, na alipogeuka kumwongoza ndani alipitisha kiganja mdomoni mwake. Alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Shangazi aliingia chumbani kwa mzazi, akampakata Hind, akamsomea, akamwambia Mirlandi maneno mazuri ambayo Ghaith aliyatafsiri. Kisha akainua pua. Akauliza ni nini hicho kinachonukia.

Bakuli la Mirlandi lilikuwa juu ya meza ndogo, amekula zaidi ya nusu akashiba. Ghaith akaeleza. Mzee akataka aonje, akaletewa lake, akala vijiko kadhaa akivuta midomo kwa raha, hana meno mengi na uji ule haukuhitaji meno. Akasema mahindi matamu. Kisha akaanza kucheka peke yake, mabega yanamtikisika.

"Unga wa njano huu," alisema. "Mama yako huyu, Ghaith, alikuwa na deko, huwezi kuamini. Siku moja Unguja nimewapikia uji, wenzake wote wanakula, yeye kila kijiko anatia ulimi nje. Mwisho akautapika wote. Ndani ya bakuli lake mwenyewe. Sasa mimi niumwage, nimpe nini? Nkauvuruga nkamwambia, haya, kula. Akalia, akalia, akala. Mpaka akalamba bakuli."

Alicheka mpaka akafuta macho. Ghaith alitabasamu kwa adabu, kisha tabasamu likamkauka alipomtazama mama yake.

Muhsina alikuwa amesimama na sinia mkononi. Ndilo jambo lenyewe. Zaidi ya miaka hamsini hakulisema, na leo limesemwa chumbani kwake kama kichekesho. Ladha ikamrudia nzima, uji uliopoa, uchungu wa nyongo, kitu laini kilichopita kati ya meno. Na pamoja nayo ukamrudia mkono ulioshika kijiko, mkono mwembamba, vidole virefu, ukucha umevunjika. Mkono ule ule ndio alioubusu mlangoni. Alijiona akiubusu kila Idi tangu utotoni, na kila Idi akijifuta mdomo, na akaelewa kwamba si unga peke yake uliokuwa ukimtia kinyaa.

Hata hapo pengine angenyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini shangazi alikwisha kuligeukia bakuli la Mirlandi.

Alimuuliza mbona ameacha. Mirlandi akamjibu kwa Kiswahili, akajitahidi, kwamba ameshiba, bibi, ahsante. Mzee akasema mzazi hashibi, akavuta kiti, akachota kijiko kamili akakipeleka. Mirlandi alifungua mdomo kwa heshima akakimeza. Kikaja cha pili. Akatikisa kichwa, akaweka kiganja mdomoni. Shangazi akakishusha kile kiganja kwa mkono wake, pole pole, kama mtu anayefungua pazia.

"Kula."

Kwa sauti ile ile. Kijiko kikagusa midomo iliyofungwa, uji ukamwagika kidevuni, na koo la Mirlandi likaruka mara moja, mara ya pili. Macho yake yalimtafuta Muhsina.

Muhsina aliweka sinia chini. Alikwenda akalichukua bakuli, na kijiko nacho akakitoa kwenye vile vidole, akakitumbukiza ndani.

"Mwache, shangazi," alisema. "Kashasema kashiba."

Mzee hakuamini. Alimtazama Ghaith, kisha Muhsina. "Nnamlisha mzazi wenu, wewe unaninyang'anya bakuli?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watoto?"

"Ulinilisha matapishi yangu," Muhsina alisema. Sauti haikupanda. "Nlikuwa mtoto, ukanilisha matapishi yangu, na leo unacheka."

Hind alikuwa akinyonya kidole karibu na mama yake. Shangazi Kheiria alivua miwani akaifuta kwa buibui, na bila ya miwani uso wake ulikuwa mdogo sana. Aliposema, alisema kwa hasira. Alisema wao walikuwa watoto watano na yeye peke yake. Alisema alikuwa akisimama foleni tangu adhana ya alfajiri na mara nyengine akirudi na kanga tupu. Wangapi walikufa mtaani pale na yeye hakuzika hata mmoja wa wale watano? Angemwaga uji, leo Muhsina angekuwa na mdomo wa kumsemea?

"Najua," Muhsina alisema. "Yote hayo nnayajua. Na bado naona kinyaa."

Mzee akaomba arejeshwe kwake. Ghaith akamshika mkono mpaka garini, na halwa aliyoileta ikabaki ukumbini haikufunguliwa.

Muhsina alichukua kitambaa cha maji ya uvuguvugu akampangusa Mirlandi kidevu, akamvua kanzu iliyochafuka, akamvisha nyengine. Uji ulimgusa vidole na safari hii hakuukimbia, ingawa mwili ulimsisimka. Mirlandi hakuyaelewa maneno yote, lakini aliyaelewa ya kutosha. Aliuliza Muhsina alikuwa na miaka mingapi siku ile. Muhsina akamwambia. Mirlandi akasema kitu kwa lugha yao, kifupi, ambacho hakukitafsiri.

Baada ya muda Muhsina akamuuliza jambo ambalo hakutarajia kuliuliza. "Hulba yangu, ilikuwa inakukirihi kama hivi?"

Mirlandi alisita, akitafuta neno la adabu, akalikosa. "Sana, Mama," alisema. "Nilikuwa naogopa ukifungua mlango."

Lilimchoma. Alikaa nalo, akiikunja ile kanzu, akaikunjua, akaikunja tena. Alijiona amesimama juu ya kichwa cha yule msichana na kikombe, akimwambia afumbe macho tu. Alijichukia vibaya kwa muda, kinyaa kile kile, safari hii kikiwa juu yake mwenyewe. Kisha akaenda jikoni akamwambia Namuddu kwamba sufuria ya hulba iondolewe jikoni, na kama kuna anayeitaka, yeye Namuddu au jirani, achukue. Namuddu akasema haitaki hata yeye. Hakuwahi kuipenda.

Ghaith aliporudi alikuwa amenuna. Alimwambia mama yake kwamba Bibi Kheiria amelia njia nzima, tangu walipoingia barabara ya baharini mpaka mlangoni, na kwamba mwanamke wa umri ule haambiwi maneno yale. Pengine hakufanya sawa zamani, alisema, lakini zamani ni zamani. Muhsina alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwamba angependa iwe hivyo, lakini kila mchana anaisikia harufu yake. Ghaith akamtazama, akaitazama sufuria iliyooshwa ikining'inia ukutani, na hapo ndipo alipoelewa alimwomba mama yake nini. Akataka kusema. Muhsina akamzuia kwa mkono. Hakutaka kuombwa radhi na mtu ambaye hakukosa.

Uji aliendelea kuupika mpaka arubaini. Haukupungua ubaya hata siku moja. Watu wangedhani kwamba jambo likishasemwa linatoka mwilini, lakini halikutoka. Unga ulipoingia majini roho ilimchafuka vile vile, povu likipasuka nywele zilimsimama vile vile, na mara nyengine bado alikwenda bafu la uani. Tofauti ilikuwa kwamba hakufungua bomba tena. Na Mirlandi akijua, alimpelekea maji ya kusukutua, akasimama nje ya mlango mpaka atoke.

Arubaini ilipotoka walikwenda Matrah, wao wawili na mtoto. Shangazi Kheiria aliwapokea kama kwamba hakuna lililotokea. Aliuliza habari za kidonda cha Mirlandi cha uzazi, akalalamika kuhusu sukari yake, akaleta kahawa na tende. Muhsina alingoja. Mwisho, Mirlandi alipokuwa chumba cha pili akimbadilisha mtoto, Muhsina alisema mwenyewe, "Shangazi, ule uji wa Mchangani." Mzee akamwangalia kwa utulivu, akasema hakumbuki uji wowote. Umri umekwenda, mwanangu, mengi nshayasahau. Alisema hivyo akiwa anaitoa tende kokwa lake, taratibu, kwa vidole vile virefu, na akamnyooshea.

Muhsina aliitazama ile tende, yenye utelezi, imebaki na alama ya kidole. Akasema ameshiba.

Walipofika Ghubra Mirlandi alimkabidhi Hind, akajifunga aproni ya Namuddu, akasema leo atapika mwenyewe, nguvu anazo. Muhsina akamwonyesha mwiko ulipo na kopo la kungumanga. Kisha akachukua mtoto na mkeka, akatoka uani, akaufunga mlango wa jiko nyuma yake, na alipokaa akagundua kwamba kutoka pale upepo ulikuwa unaipeleka ile harufu upande wa pili, kwa majirani. Namuddu akamletea chai ya maziwa, akakaa naye, wakasikiliza vyombo vinavyogongana ndani, na Hind akalala mikononi mwa Muhsina mdomo wazi.